Chakula cha paka cha dukani: geuza mfuko, soma nyuma

"Shikamoo daktari. Nina paka dume anaitwa Sultani, ana miaka minne, tulimhasi akiwa na miezi saba. Tunaishi Tanga. Zamani alikuwa anakula ugali kwa dagaa na mapupu ya ng'ombe ya kuchemsha. Mwaka jana nilianza kazi ya zamu, nikamhamishia vile vipunje vikavu vya dukani. Nanunua vya kupima, kilo mbili zinaisha kwa wiki tatu, kwa sababu mfuko mzima naona ghali. Asubuhi namjazia kikombe cha chai, kikiisha naongeza. Amefika kilo 5.8. Sasa kwenye kundi letu la wafugaji wa paka dada mmoja kasema vipunje vinaua figo, mwingine anasema tununue visivyo na nafaka, na jirani yangu kanihakikishia kwamba vyote vina nguruwe. Mume wangu anasema nimrudishie ugali wake, mbona paka wa sokoni hawaumwi. Nimechanganyikiwa. Ninunue kipi? Kwa mwezi naweza kutoa kama elfu arobaini. Halafu, sijui kama inahusiana, wiki hizi mbili naona anaingia kwenye mchanga wake mara nyingi, anachuchumaa muda mrefu, na panapolowa ni padogo tu."

Marahaba, binti yangu. Umeniuliza mambo manne, lakini lililonifanya nikujibu leo badala ya kusubiri zamu ya barua yako ni lile la tano, ulilolitupia mwishoni. Linahusiana. Tena ndilo tuanze nalo, na kama hutasoma kitu kingine chochote hapa, soma aya mbili zinazofuata.

Paka dume ana mrija wa mkojo mwembamba sana, na karibu na ncha ya uume unazidi kubana. Mkojo ukiwa mzito, madini yake huweza kuganda yakawa fuwele, chembe kama mchanga laini. Chembe zikichanganyika na ute wa kibofu kilichovimba, zinaweza kuziba ule mrija kama kizibo. Mkojo ukikosa njia unarudisha shinikizo kwenye figo, sumu inabaki mwilini, potasiamu inapanda kwenye damu, na moyo unaweza kusimama. Kuanzia kuziba kabisa hadi kufa huweza kupita siku moja au mbili tu. Dume aliyehasiwa, mnene, anayekula vikavu peke yake, ndiye tunayemwona mara nyingi kwenye meza zetu na tatizo hili.

Kwa hiyo fanya hivi. Leo angalia mchanga. Kama panalowa, hata padogo, mpeleke kwa daktari wa mifugo ndani ya siku hizi mbili, usingoje mwisho wa mwezi. Kama anachuchumaa na hakitoki kitu, au analia, au anajilamba kule chini bila kupumzika, au ameanza kutapika na kujificha, hiyo ni dharura ya saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Usimkamue tumbo, kibofu kilichojaa huweza kupasuka. Na nakusihi usimpe Panadol wala dawa yoyote ya maumivu ya binadamu. Ini la paka haliwezi kuisafisha parasetamo, na kidonge kimoja kinatosha kumuua. Inawezekana ukaambiwa hakuna fuwele wala vijidudu, ni kibofu kimevimba tu. Kwa paka wa umri wake hilo ni la kawaida, na mara nyingi linachochewa na mabadiliko nyumbani. Wewe umeanza kazi ya zamu. Mweleze daktari na hilo, usiogope kuonekana unapiga soga.

Sasa turudi kwenye bakuli.

Nianze na mkwe wangu, mumeo, kwa sababu hoja yake ndiyo ninayoisikia kila wiki. Paka wa sokoni, wale wanaozunguka meza za samaki pale soko la Deep Sea, hawali ugali. Wanakula vichwa vya samaki, matumbo, mifupa, na wakiondoka hapo wanakula panya, mijusi, ndege na senene. Panya mzima ni mlo uliokamilika: ana nyama, ana ini, ana moyo, ana mifupa yenye kalsiamu, na karibu asilimia 70 ya mwili wake ni maji. Ukimpa paka mapupu ya kuchemsha hujampa panya, umempa kipande kimoja cha panya. Isitoshe, hao wa sokoni tunawahesabu walio hai. Waliokufa hawaonekani mezani.

Mwili wa paka umekaa kiajabu, na mimi baada ya miaka yote hii bado unanishangaza. Sisi binadamu tukikosa nyama siku kadhaa, ini letu hupunguza kasi ya kuchoma protini. La paka halijui kupunguza namna hiyo. Linaendelea kuchoma hata kama hakuna kinachoingia, na misuli ndiyo inayolipa deni. Vitamini A sisi tunaitengeneza kutokana na karoti na mchicha, yeye hawezi, lazima aipate ikiwa tayari kutoka kwa mnyama. Ladha ya sukari haijui kabisa, jeni inayohusika ilishakufa kwake. Halafu ipo taurini.

Taurini ni asidi inayopatikana kwenye nyama na samaki, na paka hawezi kujitengenezea ya kutosha. Mwaka 1975 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba paka akiikosa, sehemu ya nyuma ya jicho inakufa polepole hadi anapofuka. Mwaka 1987 daktari Paul Pion na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, wakaonyesha jambo zito zaidi: moyo wa paka aliyekosa taurini unatanuka, unalegea, unashindwa kusukuma damu, na wengi wao ukiwapa taurini mapema moyo unarudi. Ninachotaka ukikumbuke hapa ni kwamba wale paka hawakuwa wakila ugali. Walikuwa wanakula vyakula vya viwandani, vingine vya makampuni yenye majina makubwa, vilivyoandikwa kwamba vimekamilika. Kipimo kilichokuwa kinatumika kilikuwa kidogo mno. Makampuni yakaongeza taurini, na ugonjwa ule ukapungua sana. Ndiyo maana mtu akiniuliza "daktari, kampuni gani nzuri?", mimi humuuliza kwanza nyuma ya mfuko pameandikwa nini. Jina kubwa lilikuwepo hata mwaka 1987.

Ugali, basi, si sumu. Unajaza tumbo na kuliacha bila kitu cha maana. Dagaa nao si adui, tena wana mifupa yao. Tatizo ni kuwategemea peke yao: samaki wa mafuta kila siku bila vitamini E ya kutosha huharibu mafuta ya mwili wa paka, yanavimba na kuuma hata ukimgusa analia, na baadhi ya samaki wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Mapupu na nyama tupu havina kalsiamu ya maana. Nimeshawahi kuletewa kitoto cha miezi minne, kimeruka tu kutoka kwenye kochi, mguu umevunjika. Picha ya eksirei ilionyesha mifupa myepesi kama karatasi ya kuvutia sigara. Alilelewa kwa mapenzi makubwa na nyama ya ng'ombe isiyo na mfupa. Na ule mchuzi unaomwagiwa juu ya ugali mara nyingi una kitunguu, ambacho huvunja chembe nyekundu za damu ya paka. Mwambie mumeo jambo moja namkubalia: huenda Sultani alikuwa mwembamba zaidi enzi za ugali. Tutarudi kwenye wembamba.

Sasa geuza mfuko. Mbele pana picha ya paka mwenye macho ya kijani na minofu ya jodari inayometa. Hapo pote ni pa kumvutia mnunuzi, na mnunuzi si paka. Nyuma, kwa herufi ndogo ambazo mimi sasa nazisoma kwa miwani, tafuta neno moja la Kiingereza: "complete". Maana yake chakula hicho kimetengenezwa kiwe mlo pekee wa paka, chenye kila anachohitaji, taurini ikiwemo. Ukikuta "complementary", hicho ni cha kuongezea tu, kama vile mtu anavyokula karanga kabla ya pilau. Vikopo vingi vizuri vya jodari mtupu kwenye maji yake viko kundi hilo, na watu wanalisha paka kwa miezi wakidhani wamempa kilicho bora kuliko vyote kwa sababu kinanukia samaki halisi na bei yake iko juu.

Karibu na neno hilo utaona ni paka wa umri gani. Cha watoto kimejaa nguvu nyingi na kinafaa hadi mwaka mmoja, na kwa mama mwenye mimba au anayenyonyesha. Cha wakubwa ndicho cha Sultani. Kikiandikwa ni cha umri wote, jua kimepimwa kwa kipimo cha watoto, hivyo kwa dume aliyehasiwa anayelala kibarazani kutwa nzima ni kizito. Vyakula vya Marekani hutaja pia AAFCO, chama cha wasimamizi wa vyakula vya mifugo cha huko, kinachoweka vipimo vya chini: paka mkubwa apate protini isiyopungua asilimia 26 na mtoto asilimia 30, ukishaondoa maji. Vya Ulaya havina maneno hayo lakini vina lile neno la kwanza, na linatosha.

Kuhusu picha ya jodari, nikupe siri ndogo ya biashara hii. Kwa kanuni za Ulaya, chakula kinaruhusiwa kuandikwa kwamba kina jodari hata kama jodari mwenyewe ni asilimia 4 tu. Kwa Marekani neno kama hilo linahitaji asilimia 3. Zilizobaki zinaweza kuwa kuku, ng'ombe, nafaka, chochote. Hawajakudanganya kisheria. Ila mtu anayenunua cha jodari wiki hii na cha bata wiki ijayo ili paka asichoke, mara nyingi ananunua kitu kilekile.

Halafu zile namba. Watu hulinganisha kikavu chenye protini asilimia 30 na pakiti ya chakula laini yenye asilimia 9, wakaona ya pakiti ni utapeli. Wanasahau maji. Kikavu kina maji kama asilimia 10, kwa hiyo gawa 30 kwa 90, unapata 33. Pakiti ina maji asilimia 80, kilichobaki ni 20; gawa 9 kwa 20, unapata 45. Pakiti ndiyo yenye protini nyingi zaidi. Wanga haiandikwi, ila unaweza kuikisia kwa kutoa: protini 30, mafuta 10, nyuzinyuzi 4, majivu 8, maji 10, jumla 62. Kilichobaki, 38, ni wanga. Na kabla hujaniuliza mbona wanatia majivu, hawatii. Ni madini yanayobaki chakula kikichomwa maabara, hata mkate wako una majivu.

Hapo ndipo tunamfikia dada wa nafaka. Vipunje vikavu karibu vyote vinahitaji wanga ili vishikane na kuumuka kwenye mashine. Kikiondolewa mahindi au mchele, kinawekwa kiazi, dengu au njegere, na ukipiga ile hesabu ya kutoa unaweza kukuta wanga ni ileile, bei ndiyo imepanda. Paka anaweza kumeng'enya wanga iliyopikwa vizuri, ingawa haihitaji kama sisi. Paka wenye mzio wa nafaka wapo lakini ni wachache. Wenye mzio wa chakula wengi wao ni wa nyama ya ng'ombe, samaki au kuku. Mwaka 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza kuchunguza ugonjwa wa moyo, hasa kwa mbwa, waliokuwa wakila vyakula visivyo na nafaka vyenye kunde nyingi. Hawakuthibitisha chanzo. Sikwambii hili nikutishe, nakwambia ili usilipe zaidi ukidhani unanunua usalama.

Dada wa figo ana nusu ya ukweli. Ugonjwa sugu wa figo huwapata paka wengi uzeeni, wale wa vikavu na wale wa laini, na vikavu havijathibitishwa kuwa ndivyo vinavyouleta. Lakini paka anatokana na paka mwitu wa maeneo makavu ya Afrika na Mashariki ya Kati, mnyama aliyepata maji yake ndani ya windo. Kiu yake ni ya uvivu. Ukimpa kikavu atakunywa zaidi, ndiyo, ila hafikii jumla ya maji anayoyapata akila laini. Mkojo wake unabaki mzito, na mkojo mzito ndio mlango wa yale niliyoanza nayo. Kwa paka jike mwenye afya anayekunywa vizuri nisingekusumbua sana. Kwa Sultani, ndiyo, ningependa maji yaongezeke, na chakula laini ndiyo njia ya hakika kuliko zote.

Jirani yako wa nguruwe hajakosea kabisa pia, ila "vyote" ndilo neno alilozidisha. Lebo nyingi za Ulaya zinaandika kwa ujumla tu, nyama na mazao mengine ya wanyama, bila kumtaja mnyama. Humo nguruwe anaweza kuwemo, na huwezi kujua kwa kunusa. Hata pakiti ya jodari, kwa ule mwanya wa asilimia 4, inaweza kuwa naye. Ukitaka kuepuka, chagua lebo inayotaja kila mnyama kwa jina, kuku, samaki, mafuta ya kuku, isiyo na lile fungu la jumla, au yenye alama ya halali. Kiafya, paka hadhuriki na nguruwe aliyepikwa. Kuhusu wewe kukinunua na kukishika nyumbani, hilo kamuulize shehe wako, mimi nimesomea mifugo.

Sasa cha kupima. Hiki ndicho ambacho ningekiacha kesho asubuhi, kabla ya kubishana na mtu yeyote juu ya nafaka. Hujui jina lake, hujui ni cha paka wa umri gani, hujui kalori zake, hujui gunia lilifunguliwa lini. Mafuta yaliyopakwa kwenye vipunje yakikutana na hewa na joto la pwani yetu huchacha, na vitamini zinakwenda nayo. Chukua konzi ya vipunje vyako ukavinuse sasa hivi. Vikinukia kama mafuta ya kukaangia yaliyotumika wiki nzima, hayo ndiyo ninayoyasema. Unyevu nao huleta ukungu, na ukungu wa mahindi huleta sumukuvu; Kenya mwaka 2004 iliua watu zaidi ya mia moja, sembuse paka. Kuna mama aliniletea paka aliyekonda, macho yamepanuka kama vifungo vya koti, anagonga miguu ya meza. Alikuwa ananunua cha kupima kwenye duka moja kwa zaidi ya mwaka. Nikamwambia alete. Nilipoangalia punje, kubwa, za pembetatu, nikamwomba aende akaangalie gunia. Lilikuwa la mbwa. Chakula cha mbwa hakilazimiki kuwa na taurini, kwa sababu mbwa anajitengenezea. Yule paka hakuona tena.

"Lakini mfuko mzima ni ghali." Hebu tupige hesabu, maana hapa ndipo pana habari njema. Kilo mbili kwa wiki tatu ni kama gramu 95 kwa siku. Vikavu vingi vina kalori 350 hadi 400 kwa kila gramu 100, basi Sultani anapata karibu 360 kwa siku, kama hagawani na paka wa jirani. Paka aliyehasiwa wa kilo nne na nusu, ambao naukisia ndio uzito unaomfaa, anahitaji kama 200 hadi 230. Unamlisha yeye na nusu ya mwenzake. Tuseme cha kupima unalipa elfu nane kwa kilo. Kwa mwezi ni karibu kilo tatu, elfu ishirini na tatu hivi. Chakula kamili cha mfuko uliofungwa, tuseme elfu kumi na tano kwa kilo, kwa gramu 55 kwa siku ni kilo 1.65 kwa mwezi, chini kidogo ya elfu ishirini na tano. Karibu pesa ileile, na kwenye elfu arobaini yako imebaki ya kununulia pakiti laini kadhaa. Weka bei za duka lako badala ya zangu, utaona mwelekeo haubadiliki sana. Bei ya kilo inadanganya. Uliza bei ya siku.

Kwa hiyo, ninunue kipi? Ningekuwa mimi, na kama daktari atakayempima hatakuta fuwele, ningechukua mfuko mdogo uliofungwa wa kikavu cha paka wakubwa, chenye lile neno "complete", ikiwezekana kile cha waliohasiwa kwa sababu huwa na kalori chache, na pakiti laini kwa kadiri mfuko wako unavyoruhusu. Kwa siku nzima gramu 45 hadi 55 za kikavu zilizopimwa kwa mizani ya jikoni, si kwa kikombe. Gawa mara mbili, na zamu yako ikikuchelewesha, ataishi. Siku ya pakiti, pakiti ya gramu 85 ina kalori kama 70, basi punguza kikavu gramu 18 na umimine vijiko vitatu vya maji ya uvuguvugu juu ya pakiti akoroge kwa ulimi. Dagaa wawili watatu wasio na chumvi kama zawadi, sawa. Maji weka bakuli pana mahali pawili, mbali na chakula na mbali zaidi na mchanga. Akikutwa na fuwele, futa yote haya: utapewa chakula cha tiba, na hicho hakichanganywi na dagaa wala kitu kingine, la sivyo unatupa pesa. Chakula hicho huyeyusha aina moja ya fuwele, na kwa aina nyingine hakisaidii, ndiyo maana lazima mkojo upimwe kwanza. Usijinunulie mwenyewe kwa kuona picha ya kibofu.

Kubadilisha kuwe polepole: siku mbili tatu robo mpya na robo tatu ya zamani, kisha nusu kwa nusu, kisha robo tatu, hadi siku ya kumi. Sultani anaweza kukugomea. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuniambia "ataona njaa atakula tu", na kwa mbwa angekuwa sahihi. Paka mnene asipokula siku mbili au tatu, mwili unakimbiza mafuta yake kwenye ini, ini linajaa na kushindwa kufanya kazi, analegea, ngozi na ufizi vinageuka njano. Kwa hiyo akikataa kabisa kwa siku nzima, rudi nyuma hatua moja. Zikifika saa 48, mpeleke. Pasha pakiti iwe vuguvugu kama panya aliyetoka kukamatwa, paka hula kwa pua kwanza.

Unene wake usiupige vita kwa haraka. Gramu 30 hadi 60 kwa wiki zinatosha, kwa hiyo kufika alipotakiwa kutachukua miezi mitano, sita au zaidi. Usiniamini mimi na kilo nne na nusu yangu ya kukisia, waamini vidole vyako. Kunjua kiganja chako, pitisha vidole vya mkono wa pili juu ya mgongo wa kiganja: unaihisi mifupa chini ya ngozi nyembamba bila kubonyeza. Mbavu za paka aliyekaa sawa huwa hivyo. Geuza, papasa upande wa ndani, pale penye nyama chini ya kidole gumba. Nadhani mbavu za Sultani ziko hapo kwa sasa.

Mizani ya paka huhitaji. Simama kwenye mizani ya watu peke yako, andika, kisha simama naye kifuani, andika, toa. Fanya hivyo kila Jumapili saa ileile. Na kesho ukienda kwa daktari usimpeleke mikononi, mtie kwenye kapu lenye kifuniko, na ubebe konzi ya vile vipunje kwenye bahasha ili naye avinuse.